Simu ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu: Programu Zifaazo na Zisizofaa

Ndugu wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa zetu mliokwisha toka hapa shuleni, nataka kusema nanyi juu ya chombo ambacho sisi wa bwenini haturuhusiwi kuwa nacho, yaani simu. Huenda mtu akauliza: Kwa nini kuandika habari za simu katika gazeti la shule iliyokataza simu? Jibu langu ni hili. Mtihani wetu wa kidato cha sita hufanywa mwisho wa mwaka, na Chuo Kikuu cha Makerere kwa kawaida hufungua mwaka wake wa masomo mwezi wa Agosti unaofuata. Katikati pana miezi mingi ya kukaa nyumbani, na ndiyo miezi ambayo kijana hupewa simu yake ya kwanza ya maana. Baba ameuza kahawa, au shangazi ametoa akiba yake ya sokoni, nao wanaamini kwamba wamemnunulia mtoto chombo cha elimu. Kama ni chombo cha elimu au sivyo, dukani hapajulikani. Hujulikana muhula wa kwanza ukiisha.

Likizo iliyopita nilikaa majuma matatu kwa kaka yangu anayesoma Makerere, nikayaona maisha yao kwa macho yangu. Niliwauliza pia wanafunzi wetu wa zamani walio huko ni programu zipi za simu wanazozitumia kila juma, si zile walizoziweka siku ya kwanza wakazisahau. Wengi walikuwa na programu 40 au zaidi katika simu zao, lakini zilizowafaa kweli hazikuzidi 6. Basi somo langu la leo ni hizo 6, pamoja na zile za kuepukwa.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA

Kabla ya kuweka programu yoyote katika simu yako, iulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, itanifaa bando likiisha? Hili si jambo dogo kwetu. Tangu Julai 2018 hadi Juni 2021 Serikali ya Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya namna hiyo. Kodi hiyo ilipoondolewa, mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Tena Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama 5. Mwanafunzi ambaye vitabu vyake vyote vilikuwa hewani alikaa siku hizo kama mkulima aliyefungiwa jembe ghalani.

Swali la pili: Inachukua nini kwangu? Hakuna programu isiyochukua kitu. Nyingine huchukua fedha, nyingine huchukua saa zako za usiku, na nyingine huchukua majina na namba za jamaa zako wote.

Swali la tatu: Inanisaidia kufanya kazi, au inafanya kazi badala yangu? Fimbo humsaidia mtu kupanda kilima cha Namirembe. Lakini anayebebwa mgongoni kila siku, miguu yake hulegea.

Sasa tuziangalie programu zenyewe.

1. KIWIX: MAKTABA MFUKONI

Kiwix ni programu ya kusomea maandishi ya intaneti pasipo intaneti. Ilianzishwa mwaka 2007, nayo ni ya bure. Unapakua faili mara moja, mahali penye mtandao mzuri kama maktaba ya chuo, na tangu hapo unasoma utakavyo, hata kama uko kijijini Karamoja au katikati ya Ziwa Viktoria. Ndani yake mna Wikipedia ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya lugha nyingine nyingi; mna vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha; tena mna mafungu maalumu, mathalan fungu la habari za utabibu, ambalo wenzetu wanaosomea udaktari pale Mulago wangelipenda.

Jihadharini na ukubwa wa mafaili. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake huzidi gigabaiti 100, nayo haiingii katika simu ya kawaida. Ile ya Kiswahili ni ndogo sana, na mafungu ya somo moja moja ni madogo pia. Tena kadi za kumbukumbu zilizopangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32 hazipokei faili moja lizidilo gigabaiti 4. Basi anza na fungu dogo la somo lako, ukaliongeze baadaye.

2. ANKI: KISANDUKU CHA KUKUMBUKIA

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kusahau. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana, akajipima baada ya dakika, baada ya saa, na baada ya siku nyingi. Aliona kwamba sehemu kubwa ya aliyojifunza ilipotea katika saa za mwanzo, na siku ya kwanza ilipopita upotevu ukapunguza mwendo. Sisi sote twajua jambo hili kwa mwili: yale tuliyokesha kuyasoma usiku wa kuamkia mtihani, juma lililofuata hayapo.

Dawa yake ni kurudia, lakini kurudia kwa mpango. Anki, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006, hukuonyesha swali, nawe unajibu kichwani, kisha unafunua jibu. Ulilolijua vizuri hurudi baada ya siku nyingi. Ulilolikosa hurudi upesi. Katika simu za Android programu hiyo huitwa AnkiDroid, nayo ni ya bure. Kwa simu za iPhone huuzwa. Haihitaji bando ukiisha kuiweka.

Ninyi mlio bwenini msingoje simu. Njia hii yaweza kufanywa kwa karatasi, kama alivyoeleza mwandishi Sebastian Leitner katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1972. Kata vikaratasi. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu. Mathalan: “Mkataba wa Buganda ulitiwa sahihi mwaka gani?” Nyuma yake: “1900.” Kisha tafuta makopo matatu. Vikaratasi vyote huanza kopo la kwanza, linalosomwa kila siku. Ukijibu sawa, kikaratasi huhamia kopo la pili, linalosomwa kila siku ya tatu. Ukijibu sawa tena, huenda kopo la tatu, linalosomwa mara moja kwa juma. Ukikosa, popote kilipokuwa, kinarudi kopo la kwanza. Mimi na wenzangu wanne tulifanya hivyo muhula uliopita kwa somo la biolojia, na makopo yetu yangali chini ya kitanda.

Angalieni sharti moja: andika maswali yako mwenyewe. Nusu ya kujifunza imo katika kuandika swali. Anayepakua maswali ya mtu mwingine amejinyima nusu hiyo.

3. MOODLE: DARASA LA CHUO

Atakayekwenda Makerere atakutana na jina MUELE. Hilo ni darasa la intaneti la chuo, ambamo wahadhiri huweka maelezo ya masomo na kupokea kazi za wanafunzi. Limejengwa juu ya programu iitwayo Moodle, iliyotungwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002. Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki hutumia Moodle hiyo hiyo, kwa hiyo aliyeizoea mahali pamoja hatapotea akienda pengine. Moodle ina programu yake ya simu, na pale chuo kinaporuhusu, huweza kuhifadhi maelezo ya somo ili uyasome nje ya mtandao.

Wenzangu, tusilidharau jambo hili. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko sisi. Wakati huo mimi nilikuwa darasa la saba. Tulisoma kwa redio na kwa karatasi zilizopigwa chapa, na wengine katika mtaa wetu hawakurudi shuleni tena. Chuo kilichokuwa na njia ya kufundishia mbali kilikuwa na pa kuanzia. Basi mwanafunzi ajifunze njia hiyo siku za amani, asingoje siku ya shida.

Shauri walilonipa wakubwa zetu ni hili: pakua maelezo ya juma zima siku ya Jumatatu, tena usipeleke kazi yako dakika ya mwisho, kwa maana wakati huo ndipo wanafunzi wote wanapoijaza njia.

4. ZOTERO: DAFTARI LA VITABU ULIVYOSOMA

Chuoni kila kazi iandikwayo hutakiwa kuonyesha maneno yametoka kitabu gani, cha nani, cha mwaka gani, ukurasa upi. Anayekosa kufanya hivyo huhesabiwa ameiba. Wengi hawaibi kwa kusudi: wamesoma vitabu 12, wamesahau kuandika majina, na usiku wa mwisho hawakumbuki neno hili lilitoka wapi.

Zotero, iliyoanzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, hutunza orodha hiyo kwa ajili yako, na hukupangia majina ya vitabu kwa mtindo anaoutaka mhadhiri. Ni ya bure. Hufanya kazi vizuri zaidi katika kompyuta, kwa hiyo wengi huitumia katika kompyuta za maktaba. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba chombo hiki hutunza unachokipa tu. Ukiingiza mwaka usio sahihi, kitauandika vivyo hivyo kwa unyenyekevu mkubwa.

5. GEOGEBRA: KWA WATU WA HESABU

Hii ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Unaandika mlinganyo, nayo inachora mstari wake. Unabadili namba moja, na mstari unajikunja mbele ya macho yako. Anayesomea uhandisi, uchumi au fizikia ataona kwa dakika moja jambo ambalo ubaoni huchukua kipindi kizima. Ni ya bure, na haihitaji mtandao ukiisha kuiweka.

Lakini chora kwanza kwa mkono wako, ndipo ufungue simu uone kama ulikosea. Katika chumba cha mtihani GeoGebra haingii.

6. FEDHA ZA SIMU, PAMOJA NA DAFTARI

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 kwa M-Pesa, na hapa Uganda MTN iliianza Machi 2009. Leo mzazi aliye Kasese humtumia mwanawe fedha za chakula kwa dakika moja, na karo nyingi hulipwa kwa njia hiyo. Ni baraka kubwa. Lakini kila ukitoa fedha unakatwa ada, na mwaka 2018 iliongezwa kodi: kwanza asilimia 1, kisha ikapunguzwa kuwa nusu ya asilimia 1 juu ya fedha zinazotolewa. Mwanafunzi anayetoa fedha kidogo kidogo mara 5 kwa juma hulipa ada mara 5. Afadhali kupanga mahitaji ya juma zima na kutoa mara moja.

Tena andika matumizi yako kila jioni. Zipo programu za kazi hiyo, lakini daftari la karatasi latosha kabisa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Namba yako ya siri usimwambie mtu yeyote, hata akikupigia akisema yeye ni mfanyakazi wa kampuni.

PROGRAMU ZA KUEPUKWA

Sasa nafika penye uzito wa somo langu.

Ya kwanza ni zile za kubashiri mpira. Namjua kijana mmoja wa mtaa wetu, mwenye akili nyingi kuliko mimi. Mama yake alimtumia karo ya muhula kwa simu. Fedha zikawa katika simu ile ile yenye programu ya kamari, na kati ya fedha na kamari palikuwa na vidole viwili tu. Alifikiri ataiongeza karo kidogo apate na kiatu. Kwa siku nne ikaisha yote. Muhula ule hakusoma, na mama yake aliambiwa ukweli miezi miwili baadaye. Wengi hawajui kwamba sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Basi karibu kila mwanafunzi anayemaliza hapa, akienda moja kwa moja chuoni, atakuwa angali amekatazwa na sheria hata siku ya kuvaa joho.

Ya pili ni zile za mikopo ya haraka. Baadhi yake, kabla ya kukukopesha, huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu yako. Ukichelewa kulipa, hupigiwa shangazi, hupigiwa mchungaji, hupigiwa hata mhadhiri. Afadhali kumwambia mzazi kwamba fedha zimekwisha kuliko kuwauza jamaa kwa shilingi chache.

Ya tatu sitasema iepukwe kabisa, bali ishikwe kwa tahadhari: ni programu za akili bandia, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022. Ukiiuliza ikueleze jambo gumu kwa maneno mepesi, au ikupe maswali ya kujijaribu, yaweza kukusaidia. Ukiiambia ikuandikie kazi yako, umelipa karo ili mashine isome. Tena husema uongo kwa sauti ya mwalimu. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hukumu za kesi walizopewa na ChatGPT, na kesi zile hazikuwako duniani. Hakimu akawatoza faini ya dola 5,000. Wale walikuwa watu wazima wenye shahada. Sembuse sisi?

NENO KWA WAKUBWA ZETU

Katika vilima hivi vyetu habari ya kusoma ina historia. Alexander Mackay, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1878, alikuwa na mashine ndogo ya kupiga chapa, na watu walikuja kutafuta karatasi zake ili wajifunze herufi. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa kwa jina hilo hilo, wasomaji. Hawakuwa na vitabu vingi. Lakini walichokuwa nacho walikisoma mpaka kikaingia ndani yao. Simu yetu ina vitabu vingi kuliko maktaba yoyote waliyoiota, nasi hatuna udhuru.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Maktaba yetu hapa shuleni ina kompyuta chache na mtandao dhaifu. Mkubwa wetu mmoja aliye na mtandao mzuri kazini kwake aweza kupakua mafaili ya Kiwix katika diski moja, akatuletea. Programu yenyewe ni ya bure. Gharama ni diski na jioni kadhaa. Mara moja ikiisha kuwekwa, kijana wa kidato cha kwanza ataweza kusoma habari za nyota au za figo pasipo bando wala simu, chini ya jicho la mwalimu wa maktaba.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Taja maswali matatu ya kuiuliza programu kabla ya kuiweka katika simu.
2. Kwa nini yafaa kuandika maswali yako mwenyewe katika Anki au katika vikaratasi?
3. Tengeneza vikaratasi 20 vya somo linalokushinda, uvitie katika makopo matatu kama nilivyoeleza. Baada ya majuma manne hesabu ni vingapi vimefika kopo la tatu.
4. Mzazi amekutumia shilingi 100,000 za mwezi. Andika katika daftari jinsi utakavyozigawa, na ni mara ngapi utakwenda kutoa fedha.
5. Ikiwa intaneti itazimwa kesho kwa siku 5, ni kitu gani katika masomo yako kitakachosimama? Andika jibu lako, kisha tafuta dawa yake leo.